Niliyemfundisha kazi leo ndiye mkuu wangu, malengo yangu bado yako kwenye daftari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili. Ni mtunza stoo katika kampuni moja, huu ni mwaka wa tisa. Nakuandikia usiku, nyumba imelala, na daftari langu la malengo liko hapa mezani. Ndilo lililonifanya nishike simu.

Kila mwaka ukikaribia kuisha nanunua daftari jipya. Naandika malengo kwa kalamu nzuri na kuyapigia mstari. Ya mwaka huu ni haya: kumaliza mitihani ya taaluma ya ununuzi na ugavi, kufanya mazoezi siku tano kwa wiki, kujifunza Kifaransa, kusoma vitabu 24, kuanzisha biashara ya pembeni, kuamka saa kumi alfajiri kila siku, na kuwa mtu bora kuliko mwaka jana. Sasa tuko mwezi wa nane. Kifaransa najua kusalimia tu. Vitabu nimemaliza viwili. Mazoezi yalikufa wiki ya tatu. Kuamka saa kumi niliweza siku kumi na moja, nilizihesabu.

Mitihani ndiyo inayoniuma. Ina karatasi sita. Mbili nilifaulu mwaka ule wa kwanza, tena kwa alama nzuri. Tangu hapo miaka mitatu imekatika na sijakalia hata moja. Mara mbili nimejisajili karatasi zote nne zilizobaki kwa mkupuo, nimalize niachane nazo, na mara zote mbili sikufika chumba cha mtihani.

Kuna kijana alikuja stoo kwetu hajui hata kujaza leja. Mimi ndiye niliyemshika mkono: kupokea mzigo, kulinganisha karatasi ya mzigo na kilichoshuka kwenye gari, kuhesabu mali mwisho wa mwezi. Mwaka jana alimaliza karatasi zake, na leo ndiye mkuu wa kitengo. Ananiita kaka mbele za watu na ndiye anayenisainia likizo. Hana dharau, Shangazi, na hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa na dharau ningepata pa kumchukia.

Usidhani nimekaa bure. Semina za kuhamasisha nimehudhuria tatu. Kila asubuhi kwenye basi, saa moja na nusu nzima, nasikiliza wahamasishaji kwenye simu. Nikishuka najiona naweza kuhamisha mlima, lakini ikifika saa nne imekwisha yote. Kwenye semina moja tuliambiwa kwamba mwaka 1953, chuo kimoja kikubwa cha Marekani kiliwauliza wahitimu wake nani ameandika malengo yake. Asilimia 3 tu walikuwa wameandika, na miaka 20 baadaye hao walikuwa na mali kuliko asilimia 97 wote wakijumlishwa. Sasa mimi naandika! Hili ni daftari la nne. Mke wangu akiniona na daftari jipya anacheka chini chini.

Siku pekee ninayojiona mtu ni Jumamosi. Kuna vijana watatu huwa nakwenda kuwaelekeza mfumo wa kompyuta wa stoo, kama saa mbili hivi, kwenye kile chumba kidogo cha nyuma. Hakuna anayenilipa. Ni mwaka wa pili sasa, hata nikiwa na mafua nakwenda. Nilikosa mara moja tu, kwa msiba wa baba mkwe. Lakini hayo si malengo, ni kusaidiana.

Naomba unisaidie. Hamasa naipata wapi, na nikiipata naishikaje isiniponyoke? Au mimi ni mvivu tu, nikubali yaishe?

Kijana wako,
Mtunza Stoo

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama pale ulipotaka nipite haraka, pale kwenye Jumamosi.

Mtu mvivu hafundishi bure Jumamosi zinazokaribia mia. Kabla hujaniuliza hamasa inapatikana wapi, nieleze hii ya Jumamosi unaitoa wapi. Hakuna mhamasishaji anayekusukuma. Hukuiandika kwenye daftari wala hukuipigia mstari. Na katika mambo yote uliyonitajia, ndilo pekee ambalo halijawahi kukushinda.

Mimi naona mambo manne. Siku yake inajulikana. Mahali pake panajulikana. Kuna watu watatu watakaosimama mlangoni wakikungoja. Na ukiondoka unajua fulani, ambaye wiki jana alikuwa hawezi kutoa ripoti ya mzigo uliopungua, leo ameweza. Sasa chukua lengo la mitihani tulipime kwa mambo hayo hayo. Unasoma siku gani? Hujasema. Wapi? Hujasema. Nani anakungoja? Hakuna. Matokeo utayaona lini? Baada ya miezi. Hata mimi ningelikimbia lengo la namna hiyo.

Ndiyo maana swali lako la hamasa sitalijibu kama ulivyoliuliza. Unaitafuta hamasa kama mtu anayetafuta funguo wakati mlango uko wazi.

Tuanze na ile habari ya mwaka 1953, maana imekutesa bure. Imezunguka dunia nzima, mara wanasema ni chuo cha Yale, mara Harvard. Watu walikwenda Yale kwenyewe kuuliza, kumbukumbu zikapekuliwa, na utafiti huo haukuonekana. Aliyewasimulia pengine naye alisimuliwa, simlaumu sana. Lakini wewe umekaa miaka minne ukijiuliza kwa nini dawa iliyowaponya asilimia 3 haikuponyi, kumbe hospitali yenyewe haipo.

Kuandika hakuna ubaya. Ubaya wa daftari lako ni kwamba linakulisha ushindi kabla ya mechi. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani, Gabriele Oettingen. Mwaka 1991, yeye na Thomas Wadden walichapisha habari za wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Walioamini kwamba wataweza walipungua zaidi, na hapo hakuna la ajabu. La ajabu ni kwamba wale waliozoea kujichorea picha tamu za siku ya ushindi, namna watakavyopendeza, namna watu watakavyogeuka kuwatazama, ndio waliopungua kidogo kuliko wenzao. Kuamini utafika na kuota umeshafika ni vitu viwili. Saa moja na nusu ya basi kila asubuhi, wewe unaota umefika. Ndiyo maana saa nne imekwisha yote; ulikwisha kula sherehe na sahani zimeoshwa.

Halafu kuna hesabu, na hapa nitakusema kidogo, maana hesabu ndiyo kazi yako.

Wewe kazini huamini leja mpaka ukague rafu. Sasa nimekukagulia wiki yako. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa saba kila siku unachukua 49. Kazi, ukihesabu saa tisa kwa siku tano, 45. Basi kwenda na kurudi, saa tatu kwa siku, 15. Jumamosi yako pamoja na njia, 5. Nyumba, watoto, kufua, kuoga, ibada, misiba na harusi, mke anayehitaji kukuona uso: saa tano kwa siku, yaani 35, na hapo nimebana. Saa moja kila siku ya kukaa tu bila kufanya chochote, 7, usiniambie huifanyi. Jumla ni 156. Zimebaki saa 12.

Sasa ulichoagiza. Karatasi nne kwa mwaka zinataka saa 10 za kusoma kila wiki. Mazoezi, 5. Kifaransa cha kueleweka, 5. Vitabu 24 ni kimoja kila wiki mbili, weka 5. Biashara ya pembeni, hata ile ndogo kabisa, 15 ikiwa na bahati. Jumla 40. Na hapo ukitaka kuamka saa kumi, zile saa 49 za usingizi nazo zinapungua, labda uwe unalala mapema, saa ile watoto wanapolala. Mwanangu, umeshusha mzigo wa saa 40 kwenye rafu ya saa 12, rafu ikaanguka, ukasema rafu ni mvivu!

Rudia mwenyewe hesabu hii kwa saa zako halisi. Ukipata 15 badala ya 12, nitafurahi kushindwa. Lakini 40 huzipati.

Kwa hiyo malengo mengine yote yafunge kwa sasa. Yafunge kabisa, usiyaache nusu wazi yakikutazama kwa jicho la lawama. Kifaransa hakina haraka. Vitabu soma ukipenda, usivihesabu. Mazoezi, shuka vituo viwili kabla ya nyumbani utembee, inatosha. Na hilo la “kuwa mtu bora” futa leo hii. Lengo lisiloweza kupimwa haliwezi hata kukwambia umeshindwa, litakunung'unikia tu mwaka mzima.

Ibaki mitihani. Lakini ngoja kwanza.

Katika barua yako, kijana aliyekuwa mkuu wako umempa mistari mingi, na taaluma yenyewe ya ununuzi na ugavi umeitaja jina tu. Hukuniambia unapenda nini ndani yake wala ukishaipata utafanya nini nayo. Nakuuliza, nawe ujijibu bila kunijibu: yule kijana akihamishwa kesho, akaenda mbali usimwone tena, bado utaitaka mitihani hii? Kama unaitaka ili ukae pale alipokaa yeye, itakuchosha kila siku anapokuwa mwema kwako, na inaonekana ni mwema kila siku. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Wanasema mtu hudumu katika jambo akiona amelichagua mwenyewe, akijiona anaongezeka uwezo, na likimuunganisha na watu. Jumamosi yako ina yote matatu. Inawezekana kabisa moyo wako uko kwenye kufundisha kazi kuliko kwenye kiti cha mkuu wa kitengo. Wapo watu wanaoajiriwa kufundisha wafanyakazi, na wengi wao walianzia kwenye chumba cha nyuma kama chako. Sisemi uache mitihani. Cheti kitakusaidia huko pia. Nasema ujue unakwenda wapi, usije ukafika kwa mwenzako.

Na hizo Jumamosi, kuna yeyote juu yako anayezijua? Nina wasiwasi hakuna. Andika nusu ukurasa: vijana wangapi, wamejifunza nini, nini kilikuwa kinakosewa stoo na sasa hakikosewi. Upeleke wakati wa tathmini ya kazi. Na atakayeupokea ni yeye huyo. Najua. Ukiupeleka, muulize na hili: “Wewe ulisomaje ukiwa kazini?” Koo litakuwa kavu siku hiyo. Lakini yeye ndiye mtu pekee unayemjua aliyepita njia hiyo hiyo, kwenye stoo hiyo hiyo, kwa saa hizo hizo za kazi. Wewe ulimfundisha leja. Sidhani atakunyima kukufundisha ratiba.

Tuje kwenye kusoma kwenyewe. Kosa lako kubwa lilikuwa kujisajili karatasi nne kwa mkupuo, na hukulifanya peke yako. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake, kule Kanada, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu watamaliza kwa siku ngapi. Wastani walisema siku 34. Wakaulizwa, na mambo yote yakienda mrama? Siku 49. Walimaliza kwa zaidi ya siku 55. Hata walipojaribu kufikiria mabaya yote, bado walijipendelea. Wewe stoo unaweka mzigo wa akiba kwa sababu unajua gari linaweza kuchelewa. Kwenye maisha yako umepanga kama mtu ambaye gari lake halijawahi kuchelewa.

Karatasi moja. Msimu unaokuja wa mitihani, karatasi moja tu, na ujisajili wiki hii kabla hujatafuta sababu. Ukifaulu, inayofuata. Ndiyo, itachukua miaka miwili badala ya mmoja. Huo mmoja umeshaupanga mara ngapi?

Kisha uamue saa na mahali, kwa maneno ya “nikifika hapa, nitafanya hivi.” Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani (ni mume wa yule Oettingen, kama unapenda umbea), pamoja na Veronika Brandstätter, waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi na kuituma ndani ya siku mbili. Nusu yao waliambiwa waamue kabisa wataiandika saa ngapi na wakiwa wapi. Katika hao, takriban robo tatu waliikamilisha. Wale wengine, waliokuwa na nia tu, ilikuwa kama theluthi moja. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1997, na wote walikuwa na nia, kumbuka.

Mimi ningekuandikia hivi: “Jumanne na Alhamisi, nikishafunga stoo saa kumi na moja, nitakwenda chumba cha nyuma na kufanya maswali ya mitihani iliyopita kwa saa moja na nusu, kisha nipande basi.” Usisome nyumbani. Nyumbani kuna watoto wawili wanaokudai, na wana haki. Mwambie mkeo siku hizo mbili utachelewa, mpange. Kuhusu kicheko chake, huyo hakudharau, anahesabu kama wewe unavyohesabu maboksi. Ameona madaftari manne. Usimtangazie chochote, mwombe tu Jumanne na Alhamisi.

Na saa za basi? Ile saa na nusu ya asubuhi waache wahamasishaji wapumzike. Kama unaweza kusoma kwenye gari, soma. Kama kichwa kinauma, lala. Usingizi nao ni mtaji.

Mtafute na wa kukungoja. Kati ya wale vijana watatu, mmoja lazima naye anawaza mitihani hiyo. Mkae pamoja Alhamisi. Wewe ukijua mtu yuko mlangoni unakwenda hata na mafua, umesema mwenyewe.

Utakosa siku. Mtoto ataumwa, mzigo utafika saa kumi na nusu jioni. Ukikosa Jumanne, fidia Ijumaa. Ukikosa zote, wiki hiyo imekwenda, Jumanne inayofuata uingie kimya kimya kama vile hakukutokea kitu. Phillippa Lally na wenzake wa London, mwaka 2010, walichapisha matokeo ya watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajiendea lenyewe. Kwa wengine ilikadiriwa siku 18, kwa wengine 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe ukikosa siku moja unangoja mwaka mpya na daftari jipya. Huko ndiko miaka yako mitatu ilikopotelea, si kwenye uvivu.

Jambo moja la kukuandaa. Umesimama katikati, karatasi mbili kati ya sita, na katikati ndiko kubaya kuliko kote. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Clark Hull aliandika kwamba panya kwenye njia ya majaribio huongeza mbio kadiri anavyokikaribia chakula. Wewe ule upya wa mwanzo umekuishia, na harufu ya mwisho hujaanza kuisikia. Kwa hiyo usihesabu karatasi nne zilizobaki, zitakukatisha tamaa. Hesabu sura za karatasi moja. Bandika orodha yake ukutani pale chumba cha nyuma na uwe unakata kila sura inayokwisha, kama unavyokata mzigo unaotoka.

Desemba ikifika mkono utawasha kwenda kununua daftari. Usinunue. Yale uliyo nayo, chana kurasa za mwanzo zilizoandikwa malengo, na zilizobaki tupu wape wale vijana wa Jumamosi wafanyie mazoezi ya leja. Matokeo ya karatasi hiyo yakitoka niandikie, hata kama umefeli.

Shangazi